Mlinzi naye aandikwe

Karatasi rasmi ya mechi ya basketi, ile inayojazwa mezani kwa kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, ina nafasi ya majina na namba za wachezaji, safu ya pointi zinavyopanda kikapu baada ya kikapu, nafasi ya mapumziko yaliyoombwa na makocha, na visanduku vitano vya makosa mbele ya kila jina. Aliyefunga ataonekana humo kila mara mpira unapopita wavuni. Aliyepangua mitupo sita, akamganda mfungaji hodari wa upande wa pili robo nzima ya mchezo, hataonekana popote, isipokuwa pale karani atakapojaza kisanduku kwa sababu mkono wake umegusa bega la mpinzani. Maana yake ni kwamba mlinzi huandikwa siku anapokosea tu. Hoja yangu ni kwamba upungufu huo si wa karatasi peke yake. Umeingia katika mazoezi, katika zawadi na katika ndoto za vijana wetu wa Butembo na Beni. Tena unatugharimu kuliko wengi, kwa kuwa ulinzi ndio mlango ambao Wakongomani wamepitia kufika kilele cha mchezo huu, nasi tunawalea wachezaji wetu kana kwamba mlango huo haupo.

Ushahidi wa kwanza ni maisha ya kazi ya Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966 na kufariki dunia Atlanta, Marekani, tarehe 30 Septemba 2024, kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Alikwenda Marekani mwaka 1987 kusoma, kwa ufadhili wa shirika la USAID, akiwa na nia ya kuwa daktari. Katika Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, alimkuta kocha John Thompson, ambaye alikuwa amekwisha kumlea Patrick Ewing. Thompson mwenyewe aliwahi kukaa benchi la Boston Celtics nyuma ya Bill Russell, mlinzi aliyetwaa mataji 11 katika misimu 13. Hapo pana jambo la kuzingatia. Ujuzi wa ulinzi ulipita mkono kwa mkono, kutoka kwa Russell hadi kwa Thompson, na kutoka kwa Thompson hadi kwa kijana wa Kinshasa aliyeanza basketi akiwa amekwisha kukua. Mutombo alizaliwa na kimo chake, lakini kazi aliifundishwa. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na mwaka huohuo timu ya Denver Nuggets ikamchagua, akiwa wa nne kati ya wachezaji wapya wote walioingia ligi ya NBA.

Thamani ya kazi yake ilidhihirika katika mechi za mtoano za mwaka 1994. Denver iliingia ikiwa ya nane, yaani ya mwisho katika kanda ya magharibi, kwa ushindi wa mechi 42. Seattle SuperSonics ilikuwa ya kwanza kwa ushindi wa mechi 63, na hakuna timu ya ligi nzima iliyokuwa na rekodi bora kuliko hiyo msimu ule. Seattle ilishinda mechi mbili za mwanzo, ikabakiza moja tu ili isonge mbele. Denver ikashinda tatu mfululizo, na ile ya tano, tarehe 7 Mei, ilichezwa nyumbani kwa Seattle na kumalizika kwa 98 dhidi ya 94 baada ya muda wa nyongeza. Kabla ya siku hiyo, timu ya nane haikuwahi kuing'oa ya kwanza katika historia ya ligi. Katika mechi hizo tano Mutombo alipangua mitupo 31. Katika ile ya mwisho alifunga pointi 8 tu, lakini alidaka mipira 15 ya kurudi, ambayo wachezaji huiita ribaundi, na akapangua mitupo 8. Mtupo wa mwisho wa Seattle ulipokosa, ni yeye aliyeudaka mpira. Kengele ikalia akiwa amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono yote miwili juu ya uso wake, amejaa furaha. Hadi leo ukitaja ushindi ule, picha inayoletwa ni ya mtu aliyefunga pointi 8.

Wasiotazama kwa makini hudhani kupangua mpira ni kuruka juu tu. Mtazame mlinzi mzuri chini ya kikapu uone kazi ilivyo. Mpinzani hajafika karibu, yeye amekwisha kupiga hatua mbili za ubavu, magoti yamekunjwa, mgongo umeelekea kikapu, macho yanagawana kazi kati ya mwenye mpira na mtu anayemchunga. Mwenye mpira akijifanya anatupa, mlinzi haruki. Anangoja miguu ya mtupaji iache sakafu, ndipo mkono wake unapanda wima bila kumwangukia mtu, na kiganja kinaukuta mpira ukiwa bado unapaa, kwa sababu kanuni zinakataza kuugusa ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni. Mtupo ukikosa, kazi bado haijaisha. Inampasa amweke mpinzani mgongoni na kujitanua, ili mpira wa kurudi uwe wake. Yote hayo hufundishwa, hurudiwa, na humkaa mtu mwilini miaka mingi kwa kuwa yanategemea akili kuliko kasi. Mutombo alicheza NBA misimu 18, hadi goti lilipomwangusha mwaka 2009 akiwa na Houston Rockets, umri wake miaka 42. Aliacha pointi 11,729, ribaundi 12,359 na mitupo 3,289 iliyopanguliwa, akiwa wa pili katika historia nyuma ya Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria. Mtu huyu alidaka mipira mingi kuliko pointi alizofunga, na bado alitangazwa mlinzi bora wa mwaka mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001, na mwaka 2015 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa basketi.

Lakini heshima hiyo isingekuja kama hakuna aliyekaa kuhesabu. NBA ilianza kuhesabu mitupo inayopanguliwa na mipira inayoporwa katika msimu wa 1973–74, ilhali Bill Russell alistaafu mwaka 1969. Kwa hiyo mlinzi mkubwa kuliko wote wa zama zake hana hata mtupo mmoja uliopanguliwa katika rekodi rasmi za ligi. Tuzo ya mlinzi bora nayo ilianza msimu wa 1982–83. Bila maamuzi hayo mawili, vitabu vingemkumbuka Mutombo kama mtu mrefu mwenye wastani wa pointi 9.8 kwa mechi, na wangapi wangemjali? Hesabu ilimpa jina, na jina likampa malipo. Mwaka 2001, akiwa na miaka 35, umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu, Philadelphia 76ers ilimpa mkataba wa miaka minne uliozidi dola milioni 60.

Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, ni ushahidi wa pili, tena wa karibu zaidi na vijana wa leo. Msimu wa 2015–16 alikuwa na Toronto Raptors, na wastani wake ulikuwa pointi 5.5 kwa mechi. Tarehe 21 Mei 2016, katika fainali ya kanda ya mashariki, Toronto ilikutana na Cleveland ya LeBron James, ambayo ilikuwa imeshinda mechi zake zote kumi za mtoano mwaka ule. Biyombo alidaka ribaundi 26, akapangua mitupo 4, na Toronto ikashinda kwa 99 dhidi ya 84. Yeye mwenyewe alifunga pointi 7. Kabla miezi miwili haijapita, Orlando Magic ilimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Hakuna aliyetoa fedha hizo kwa ajili ya pointi 5.5. Walilipia yale ambayo karatasi zetu haziandiki. Basi kijana wa Butembo anayeambiwa kila siku na kila mtu kwamba basketi ni kufunga, anafichwa nusu ya soko la kazi, tena ile nusu ambayo ndugu zake wa nchi moja wameifanyia vizuri kuliko nyingine.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji mfano wa mbali kuelewa kwa nini kazi ya kuzuia hukosa shukrani. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Katika kipindi hicho watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Wagonjwa walihesabiwa kila siku, na waliokufa walihesabiwa kila siku. Lakini nyumba ambayo haikuugua kwa sababu jirani alichanjwa mapema haikuwa na namba yake kwenye taarifa yoyote. Waliofanya kazi hiyo walilaumiwa kwa kila kifo, na uhai waliouokoa haukuwekwa kwenye hesabu yao. Wengine walishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo, akiwa kazini katika hospitali ya Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Mchezo hauwezi kuwekwa mizani moja na uhai wa watu. Hata hivyo somo tulilolipata kwa gharama hiyo linabaki palepale: kinga isipohesabiwa, anayeifanya huonekana kwa makosa yake peke yake. Mlinzi anayetoka uwanjani na makosa manne kwenye karatasi, bila jingine lolote mbele ya jina lake, yuko katika hali hiyo.

Sasa tuyatazame mazoezi yetu. Viwanja vyetu vya basketi ni vya shule, vya parokia na vya vyuo, vingi vikiwa wazi kwa jua na mvua. Shule yenye mpira mmoja na vijana 40 hupanga foleni mbele ya kikapu. Kila mmoja atupe, adake, ampe mwenzake, arudi nyuma. Wa mwisho kwenye foleni hungoja muda mrefu kwa mtupo mmoja, na giza huingia akiwa ameugusa mpira mara za kuhesabika. Kocha hana nia mbaya, anatumia alichonacho. Lakini ulinzi ungemtoa katika ufinyu huo. Kuteleza miguu ubavuni bila kuikutanisha, kukimbia kinyumenyume, kumweka mtu mgongoni, kusoma kiuno cha mwenye mpira badala ya macho yake, kumwita mwenzako akusaidie kwa sauti inayosikika: vijana wote 40 wanaweza kuyafanya kwa wakati mmoja, wawili wawili, bila kikapu, juu ya udongo kama juu ya saruji. Hakuna upande wa basketi unaoendana na uwezo wetu kuliko huu, na huo ndio tunaoupa dakika za mwisho, wakati miguu imekwisha kuchoka na mawazo yako njiani kuelekea nyumbani.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia likija ni la kimo. Mutombo alikuwa na mita 2.18, na vijana wengi wa Grand Nord, yaani upande wetu wa kaskazini wa Kivu ya Kaskazini, hawatafika hata mita 1.90, ulinzi wa namna hiyo watautoa wapi? Jibu limo ndani ya ileile timu ya Seattle. Gary Payton, mchezaji wa mita 1.93, aliyekuwa miongoni mwa walioadhiriwa na Denver mwaka 1994, ndiye aliyetangazwa mlinzi bora wa NBA mwaka 1996, kwa sababu alimbana mwenye mpira tangu mbali, akamchosha kabla hajaona kikapu. Mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo, Sidney Moncrief, alikuwa wa kimo kama hicho, na Marcus Smart aliyeipata mwaka 2022 vilevile. Kwa upande mwingine, kimo peke yake hakitoshi. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21, alisifika kwa kupangua mipira katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kuingia NBA, juu ya nafasi aliyochaguliwa Mutombo. Alikaa huko misimu mitano bila kupata nafasi ya kudumu katika kikosi cha kwanza cha timu yoyote. Hilo si la kumcheka, kwani kufika pale ni heshima kwa Afrika Mashariki nzima. Linathibitisha tu kwamba ulinzi hauzaliwi na mifupa mirefu. Ni ufundi, na ufundi hauulizi mtu ana sentimita ngapi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mechi hushindwa kwa pointi, na Mutombo hakutwaa taji hata moja la NBA. Ni kweli. Alifika fainali mara mbili, mwaka 2001 na Philadelphia na mwaka 2003 na New Jersey Nets, na mara zote mbili alishindwa. Mwaka 2001 kazi yake ilikuwa kumzuia Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers, na O'Neal alifunga wastani wa pointi 33 kwa mechi. Lakers wakashinda mechi nne, Philadelphia moja. Sitaki kulifunika hilo. Lakini tuulize Philadelphia ilifikaje pale. Ilikuwa na Allen Iverson, aliyeongoza ligi nzima kwa ufungaji na kutangazwa mchezaji bora wa msimu. Pamoja naye, viongozi wa timu waliona hawatoshi, wakamleta Mutombo katikati ya msimu, mwezi Februari, na ndipo timu ikafika fainali ambayo haikuwa imeiona tangu mwaka 1983. Mfungaji bora wa nchi alihitaji mlinzi bora wa nchi. Na anayeshika hoja ya mataji asimsahau Russell, aliyejenga ushindi wote wa Boston juu ya ulinzi na kuondoka na mataji 11. Sidai kwamba ulinzi unachukua nafasi ya kufunga. Nadai kwamba timu isiyoufundisha inacheza nusu ya mchezo.

Wengine watasema vijana hawataupenda. Wanamjua Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002 na kutwaa taji la NBA na Golden State Warriors mwaka 2022. Wanataka kupaa na kukandamiza mpira kikapuni kama yeye, na ni nani atakayewavutia kwa kuwaambia wakunje magoti? Hoja hii inasahau kwamba ishara moja iliyojulikana zaidi katika basketi ya miaka ile ilikuwa ya mlinzi: kidole cha Mutombo kikitikiswa kushoto na kulia baada ya kupangua mpira, kana kwamba anamkataza mtoto. Watu walilipa viingilio ili wakione kidole hicho. Ligi ilipokataza kumtikisia mpinzani usoni, Mutombo alikielekeza kwa mashabiki, nao wakamjibu kwa vidole vyao. Furaha ya kijana huenda mahali ambapo watu wazima wamempigia makofi. Tukisimama na kushangilia pale mlinzi wa miaka 15 anapompora mpira nyota wa timu pinzani, kesho watakuwepo kumi wanaotaka kufanya hivyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mlinzi wetu anacheza kwao, na hatunzwi.

Pingamizi la mwisho halihusu mchezo wenyewe. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia hayajakoma katika eneo la Beni. Mei 2021 jimbo letu la Kivu ya Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tangu Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025 Kivu ya Kaskazini imekatika vipande viwili. Katika hali hiyo, kuzungumzia karatasi za basketi kunaweza kuonekana ni kukosa huruma. Naliheshimu pingamizi hili, na sidai kwamba mpira utaleta amani. Usalama ni wajibu wa serikali, na hakuna mashindano ya vijana yanayoiondolea wajibu huo. Lakini vijana wapo, wanaendelea kukua, na saa zao za jioni lazima zijazwe na kitu. Inafaa wafundishwe nini katika saa hizo? Kufunga humfundisha kijana kutafuta nafasi yake. Ulinzi humfundisha kuchunga nafasi ya mwenzake, kuzungumza naye, kukubali kwamba mtu wako akipita, mimi nitatoka kwangu nije kukusaidia, nikijua kuna wa tatu atakayekuja kwangu. Timu haiwezi kulinda bila kuaminiana. Kwa vijana waliokulia mahali ambapo kuaminiana kumejeruhiwa kiasi hiki, hayo ni mafunzo yenye manufaa hata kwa yule ambaye hatacheza mechi moja ya kulipwa maishani mwake. Na wengi hawatacheza. Ndiyo maana wakumbushwe kwamba Mutombo alivuka bahari kwa ajili ya shule, na alitoka chuoni na shahada mkononi kabla ya kusaini mkataba wowote.

Kazi yake haikuishia uwanjani pia. Mama yake, Biamba Marie, alifariki mwishoni mwa miaka ya 1990 wakati vita vilipofunga barabara za Kinshasa na ikashindikana kumfikisha hospitalini, jambo ambalo familia nyingi za Beni zinalielewa bila kuelezwa. Mwaka 2007 ilifunguliwa Masina hospitali yenye jina la mama huyo, ya vitanda 300, iliyogharimu dola milioni 29, sehemu kubwa ikitoka katika mali ya Mutombo. Biyombo naye alitoa mshahara wake wote wa msimu wa 2021–22 kujenga hospitali kwa kumbukumbu ya baba yake. Najua kwamba katika jimbo letu jina la Mutombo lilitajwa pia kwa jambo jingine: ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilimtaja katika habari ya ununuzi wa dhahabu ulioharibika Goma. Anayelikumbuka hilo ana haki ya kulikumbuka. Makala haya hayamfanyi mtu yeyote kuwa malaika. Yanaomba kazi aliyoifanya chini ya kikapu kwa miaka 18 isomwe, ifundishwe na ilipwe.

Namna ya kuanza si ngumu wala ghali. Waandaaji wa mashindano ya Butembo na Beni waweke daftari la pili mezani, kando ya karatasi rasmi, na vijana wawili wa kulijaza: mitupo iliyopanguliwa, mipira iliyoporwa, ribaundi, pasi zilizokatwa, na mara ambazo mlinzi amesimama imara akaangukiwa na mshambuliaji na refa akampa haki. Makocha wayasome madaftari hayo mbele ya timu kila baada ya mechi, na wautangulize ulinzi katika mazoezi, wakati miguu bado ina nguvu. Watangazaji wa redio wanaotaja wafungaji wataje na walinzi, kwa majina na kwa hesabu. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao hawajawahi kuwa wazito kudhamini mambo ya mji wao, watoe zawadi ya mlinzi bora iliyo sawasawa na ya mfungaji bora, franga kwa franga, kwa wavulana na kwa wasichana. Ikiwa ndogo kuliko ile ya mfungaji, kijana ataelewa mara moja ni kazi ipi tunayoiheshimu.

Miaka mitatu ya madaftari kama hayo ingetupa kitu ambacho hatujawahi kuwa nacho: orodha ya vijana wa miji hii wanaojua kulinda, yenye hesabu ambazo kocha wa Kinshasa, wa Kampala au wa Kigali anaweza kuzisoma na kuziamini. Pengine hatatokea humo Mutombo mwingine. Lakini watatokea walinzi wazuri, na kila mmoja wao ataweza kuonyesha kwa maandishi kwamba alifanya kazi, badala ya kuonyesha makosa manne na jina lake. Msimu ujao usianze bila daftari hilo.